Hamsini na Nne ya Mzee Kamande

Vijana wangu, kila anayepata leseni hapa Gatongora huletwa kwangu kama mtoto anayepelekwa chanjo. Mzazi anamsukuma mbele ya geti, ananiambia, "Mwambie mambo ya barabara," halafu anaenda zake sokoni. Na kijana mwenyewe, kabla chai haijapoa, huniuliza swali lile lile. Hakuna anayeuliza breki zinakaguliwaje. Hakuna anayeuliza tairi hukaa miaka mingapi. Anakohoa kidogo, anaangalia mlangoni, ananong'ona kama kwa nyanya yake: "Sasa cucu, kama mahali ni hamsini na mimi niko hamsini na tatu, hiyo kweli wanashika?"

Nilikuwa trafiki miaka kumi na saba, mingi yake kati ya Ruiru na Thika, na karibu yote nikiwa nimebeba ile mashine ya spidi ambayo nyinyi mnaiita kamera. Kwa hivyo nitajibu mara moja, mniache ninywe chai yangu. Kwa kanuni ninazozijua mimi, ukizidisha kilomita moja mpaka tano unapewa onyo. Sita mpaka kumi ni shilingi mia tano. Kutoka hapo faini inapanda haraka kuliko gari lenyewe, na ukizidisha zaidi ya ishirini utamwelezea hakimu. Sheria hubadilika, someni wenyewe.

Lakini msianze ile hesabu yenu, kwamba basi hamsini maana yake ni hamsini na tano. Hiyo namba mnayoiona kwenye dashibodi ni ya dashibodi. Ukivalisha gari tairi kubwa kuliko zake, dashibodi inaanza kusema uongo na haijui. Nimesimamisha mtu akaniapia kwa jina la mama yake kwamba yuko arobaini na nane, na alikuwa anasema ukweli wake. Gari ndilo lilikuwa linamdanganya.

Mimi nilipoanza, hiyo ngazi ya faini haikuwa imeandikwa. Ukizidisha kidogo, ilitegemea afande aliyekusimamisha ana roho gani. Na mimi roho yangu, wacha niseme tu, ilikuwa kavu kama mkate wa juzi.

Nilikuwa nimekaa miaka mingi kwenye dawati la ripoti, nikiandika habari za kuku walioibiwa na majirani waliotukanana. Siku niliyopelekwa trafiki na kupewa ile mashine, nilijiona Musa amepewa fimbo. Nikiielekeza, magari yanapunguza mwendo. Nikiishusha, yanaongeza. Ni mambo ya kulevya, hayo.

Mwalimu wangu alikuwa Sajini Mutua, Mkamba mkubwa aliyekuwa na shamba huko Ngoliba, mtu ambaye sijawahi kumwona akitembea haraka. Hata mvua ikinyesha, alitembea. Asubuhi ya kwanza alinipa kidude cha chuma chenye meno mawili kama uma. Akakigonga kwenye soli ya kiatu, kikaanza kuimba, akakishika mbele ya mashine. Mashine ikaandika hamsini.

"Kila asubuhi," akasema. "Isipoandika hiyo, tunarudi kituoni kunywa chai. Hatushiki mtu na mashine iliyoamka vibaya."

Kisha akaniweka kando ya barabara na kunikataza kubonyeza chochote. Nilitakiwa niangalie gari likija na niseme kwa mdomo spidi yake. "Arobaini." "Sitini na mbili." Yeye ndiye alibonyeza, akanionyesha. Siku ya kwanza nilikosea kama mtu anayebahatisha namba za bahati nasibu. Baada ya wiki tatu nilikuwa nakosea kwa kilomita mbili au tatu tu.

"Jicho kwanza, mashine baadaye," Sajini alisema. "Wakikosana, mmoja wao ana makosa. Na usikimbilie kusema ni jicho."

Nilimsikia. Lakini kusikia na kushika ni vitu viwili. Wiki ya nne nikaanza kuangalia namba peke yake, kwa sababu namba ilikuwa rahisi na haikuuliza maswali.

Pia alinikataza kujificha. Alisema polisi anataka magari yapunguze mwendo, na huwezi kumfanya mtu apunguze mwendo kwa sababu ya kitu asichokiona. Nikamwona mzee amechoka na kazi. Siku moja alipoenda kliniki, nikajibanza ndani ya majani ya ng'ombe ya mtu fulani huko Kalimoni, nimebakisha mashine tu nje. Vijana, sikujua kwamba nimesimama juu ya msafara wa siafu. Hawa wadudu wana nidhamu: wanapanda kwanza wote, wanatulia, halafu anayewaongoza akitoa amri wanauma pamoja. Niliruka mpaka katikati ya barabara, kofia huku, mashine huku, nikipiga mapaja na kupiga kelele. Magari manne yalisimama bila kuonyeshwa mkono. Mama mmoja alishuka na Biblia, akaanza kuniombea. Sajini alisikia. Aliniletea tu chupa ndogo ya mafuta ya taa, ya kufukuza siafu, na kuiweka mezani.

Basi huyo ndiye niliyekuwa. Nilimwandikia mwalimu mmoja wa shule hamsini na moja. Nilimwandikia bwana mmoja aliyekuwa anakimbiza kwa gari mbuzi wa ruracio, yaani wa mahari, amechelewa, wazee wa upande wa pili wamekaa wanamngoja, hamsini na mbili. Mbuzi aliniangalia kwa masikitiko kuliko mwenyewe.

"Wairimu," Sajini akaniambia siku hiyo, "hizo mbili ni za upepo."

"Afande, sheria ni hamsini. Haijasema hamsini na upepo."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mahindi yake ya kuchoma.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Kamande.

Ilikuwa saa nne asubuhi hivi, kwenye kile kipande cha barabara cha Kalimoni kinachoteremka kidogo kuelekea shule ya msingi. Kibao cha hamsini kilikuwa hapo, kimeinama kidogo. Nikaona pikapu ya samawati inakuja, kuukuu, imebeba mitungi ya maziwa. Nikaielekezea mashine, nikabonyeza. Hamsini na nne. Sikuuliza jicho langu linasemaje. Nikaingia barabarani na kunyoosha mkono.

Alishuka mzee mfupi aliyevaa koti la suti na gambuti. Nikamwonyesha namba. Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine iliyoletwa kwake kwa makosa.

"Madam," akasema, "hiyo si yangu."

"Mzee, ni gari gani lingine niko nalo hapa?"

"Mimi sijui. Lakini hiyo si yangu. Hii gari haiwezi. Hata mimi nikitaka, yenyewe inakataa."

Wote husema hivyo. Nikamwandikia. Sajini Mutua alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, akasogea kwa ule mwendo wake, akaangalia pikapu, akaangalia karatasi yangu.

"Nne," akasema.

"Nne ni nne, afande."

"Haya."

Mzee Kamande angeweza kwenda mahakamani Thika, akubali makosa, alipe faini ndogo na kurudi kwa ng'ombe wake kabla ya saa sita. Wote walifanya hivyo. Yeye akakana mashtaka. Hakimu, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba, akamwangalia kwa huruma.

"Mzee, unaelewa kwamba ukikubali hili jambo linaisha leo?"

"Naelewa, Mheshimiwa. Lakini likiisha hapa, nyumbani haliishi."

Akaeleza. Msichana wake, Wambui, akiwa darasa la tatu, aligongwa na gari akivuka kwenda shule. Gari halikuwa linakimbia sana, dereva alisema ni kidogo tu. Wambui alipona, sasa ni mama wa watoto wawili, lakini mguu mmoja ulibaki mfupi. Siku aliyotoka hospitali, Mzee Kamande aliapa mbele ya mkewe kwamba yeye mkono wake hautawahi kuendesha gari kwa mbio. Alikaa na kiapo hicho miaka mingi. Kisha akaja nyumbani na karatasi iliyoandikwa na serikali kwamba amekimbia, tena mbele ya shule.

"Mama Wambui amekataa kupanda gari yangu," akasema. "Wiki ya tatu sasa. Kanisani anaenda na miguu. Mimi naendesha polepole kando yake, namwambia panda, yeye anaimba tu nyimbo za kanisa."

Watu walicheka. Hakimu naye akashika mdomo. Lakini mimi nilikuwa nimemwona Mama Wambui kwenye benchi la nyuma, mama mnene aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani, mkoba juu ya magoti. Hakucheka. Alikuwa ananiangalia mimi, na hakuonyesha chuki. Alikuwa anangoja kuambiwa mumewe ni mtu wa namna gani, na mwenye kumwambia nilikuwa mimi.

Mwendesha mashtaka akasimama akasema mashine haina huruma wala urafiki, namba ni namba. Mzee akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mheshimiwa, mimi naomba kitu kimoja. Hii gari iko hapo nje. Huyu madam aiendeshe yeye mwenyewe. Akifikisha hamsini na nne, mimi nalipa na namwomba mke wangu msamaha."

Nilidhani hakimu atamfukuza. Badala yake akavua miwani, akaifuta, akasema mahakama itaenda Kalimoni kesho yake asubuhi, ijionee.

Sikulala vizuri, nawaambia ukweli. Si kwa ajili ya kesi. Ni kwa sababu jioni hiyo, wakati nakunja nguo, nilijiuliza kwa mara ya kwanza: jicho langu lilisema ngapi? Na sikuwa nimeliuliza.

Asubuhi tukawa wote barabarani: hakimu chini ya mwavuli, karani wake na faili, mwendesha mashtaka, Mzee Kamande, Mama Wambui aliyekuja kwa miguu, na nusu ya Kalimoni. Watu walikuwa wamebeba viti. Mama mmoja alikuwa anauza mandazi. Sajini Mutua alipewa mashine. Akagonga kile chuma kwenye kiatu mbele ya hakimu, kikaimba, mashine ikaandika hamsini. Watoto wa shule walipiga makofi.

Mimi nikaingia kwenye pikapu. Kiti kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani. Mshale wa spidi ulikufa zamani, umelala kwenye sifuri. Mzee akaingiza kichwa dirishani kunifundisha: "Gia ya pili ubembeleze. Ya tatu usiibembeleze, ipige. Ya nne usiitafute, haipo."

Nikaenda mpaka juu ya mteremko, nikageuza, nikakanyaga mafuta mpaka mguu ukagusa chuma. Ngai! Ile gari ilitetemeka mpaka kofia ikateremka ikanifunika macho. Mitungi ilipiga kelele huko nyuma kama kengele za makanisa matatu. Kioo cha pembeni kiligeuka chenyewe kikaniangalia. Nilipopita kwa hakimu nilikuwa na hakika nimepaa.

"Arobaini na sita!" Sajini akapaza sauti.

Kalimoni ikashangilia. Nikarudi juu, nikajaribu tena. Safari hii nilijiinamisha mbele kama mtu anayesaidia farasi.

"Arobaini na sita!"

Mwendesha mashtaka akasema gari halijapata moto vizuri, lipewe nafasi ya tatu. Hakimu akakubali. Nikageuza, nikakanyaga. Gari ikatetemeka vile vile, ikapiga kelele vile vile. Nilikuwa nimefika nusu ya mteremko nilipotupa macho kwenye kile kioo kilichogeuka, nikaona mdomo mpana wa lori. Lori la mawe ya machimbo, tupu, linateremka nyuma yangu kwa kasi, linataka kunipita. Nikashika upande wangu.

"Hamsini na nane!" sauti ya Sajini ikasikika, lakini haikuwa na furaha.

Lori likanipita, likatimua vumbi la kumfunika kila mtu, likakata kona ya machimbo na kupotea. Hakimu alikuwa amegeuka, ameufunika uso kwa faili. Watu walikuwa wanapangusa macho. Na katika lile vumbi ndipo nilikumbuka: asubuhi ile niliyomsimamisha Mzee Kamande, nilikohoa. Nilikuwa natoa kalamu mfukoni, lori limepita nyuma ya mgongo wangu, nikalitukana kimoyomoyo kwa kunichafua sare, na nikaendelea kuandika.

Mashine, vijana, haichagui. Unaielekeza kwa gari dogo, lakini yenyewe inasikiliza anayerudisha sauti kubwa zaidi. Chuma kikubwa kikija nyuma kwa mbio, itakupa namba yake, na wewe utaiandika kwenye jina la aliye mbele.

Niliposhuka, mwendesha mashtaka alikuwa ananyoosha tai yake. "Mheshimiwa, umesikia. Hamsini na nane. Gari inaweza, na zaidi."

Mzee Kamande aliangalia gambuti zake. Akaangalia pikapu yake kama mtu aliyesalitiwa na ng'ombe aliyemlea kwa mkono. Nafikiri kwa dakika hiyo hata yeye aliamini. Mama Wambui akachukua mkoba wake chini.

Nikamtazama Sajini Mutua. Alikuwa ameshika mashine, macho yake kwangu, mdomo umefungwa. Alikuwa ameliona lori. Lazima. Huyo mtu hakukosa kuona hata paka akivuka.

Ningenyamaza, ningeshinda. Hakuna ambaye angejua.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti ikatoka ndogo kama ya mtu mwingine. "Hiyo hamsini na nane si ya pikapu. Ni ya lori lililonipita."

"Una hakika?"

"Mguu wangu ulikuwa umefika mwisho mara zote tatu. Hakuna kitu kingine cha kukanyaga." Nikaonyesha kona ya machimbo. "Na siku ile nilipomshika Mzee, kulikuwa na lori pia. Lilikuwa nyuma yake. Lilinitimulia vumbi, na sikulifikiria. Sikuliandika."

"Ulithibitisha kwa macho spidi ya pikapu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Niliangalia namba tu."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Mwendesha mashtaka akaniangalia kama nimemmwagia chai. Mchana tukarudi Thika, na mahakamani haikuchukua muda kama wa kuchemsha yai: Mzee Kamande hana makosa, aende zake. Kisha hakimu akaniangalia juu ya miwani. "Na wewe afisa, namba moja mbili juu ya hamsini, nimeona umeniletea nyingi. Barabara ile ina wanaokimbia kweli. Niletee hao."

Hapo kwenye veranda Sajini Mutua akanifikia, akiwa hana haraka kama kawaida.

"Ungesema wewe," nikamwambia, nikiwa na hasira za aibu. "Uliliona lile lori!"

"Ningesema," akajibu. "Nilikuwa nakuhesabia mpaka kumi. Ulisema kwenye saba."

Tangu siku hiyo, mtu akizidisha mbili au tatu nilimsimamisha, ndiyo, nikamwonyesha namba, nikamwonyesha shule, nikamwambia ni watoto wangapi huvuka hapo saa saba. Nikamwachilia. Wengi waliondoka wamenyamaza kuliko wale niliowahi kuwaandikia. Wale wa sabini na themanini niliwaandikia kwa moyo safi kabisa. Kwa hivyo mkiniuliza kama kidogo hushikwa, jibu la sheria nimewapa. Jibu langu ni kwamba kidogo ni kidogo kwa anayeendesha. Muulizeni Wambui.

Lakini ngoja niwamalizie siku hiyo.

Tulipotoka nje, pikapu ikakataa kuwaka. Mzee akazungusha ufunguo, ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena, haikukohoa hata. Watu waliokuja kwa kesi zao wakaanza kukusanyika. Basi mimi nikavua kofia, nikamkabidhi karani, nikaweka mabega nyuma ya ile gari. Sajini akaja upande wa pili. Tukasukuma, polisi wawili na sare zao, mbele ya mahakama mchana kweupe, huku mtu fulani akipaza sauti, "Haiya! Leo karau ndio wanashikwa na kazi!" Pale mteremko unapoanzia, injini ikashika, ikatoa moshi mweusi ukatupaka nyuso, na pikapu ikaenda hatua chache ikasimama, inanguruma.

Mama Wambui alikuwa bado amesimama kwenye ngazi, mkoba mkononi. Mzee Kamande hakumwita. Alishika usukani kwa mikono miwili na kuangalia mbele. Mama Wambui akashuka ngazi moja moja, akatembea mpaka kwenye gari, akafungua mlango, akapanda. Mlango haukufunga mara ya kwanza. Akaufunga tena kwa nguvu.

Kisha akashusha kioo na kuniita kwa kidole. Nikasogea, jasho linanitoka, moshi usoni.

"Wewe msichana," akasema polepole ili mumewe asikie vizuri, "siku utamwona huyu amekimbia kweli, usimpeleke kwa hakimu. Niletee mimi."